Mjane wa Bwana Ambrosi

POLISI TANGANYIKA
KITUO CHA MBEYA, JIMBO LA NYANDA ZA JUU KUSINI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Yudith binti Hosea Mgaya
Umri: miaka 27, kwa kukisia
Kabila: Mbena
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: kushona nguo kwa cherehani
Makazi: Kihesa, Iringa
Tarehe: 4 Agosti 1959, saa nane mchana

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa niseme kweli tupu, na sina nguvu ya kusema kitu kingine. Nilifika Mbeya jana jioni kwa basi pamoja na mdogo wangu Anania. Mtoto nimemwacha kwa mama. Nimeitwa kwa sababu mtu anayeitwa Andendekisye Mwakalinga yupo mahabusu katika kituo hiki, akituhumiwa kumuua mume wangu Ambrosi Ngonyani, mwimbaji.

Mnamo mwezi wa sita mwaka 1956 niliitwa kushona mapazia katika hoteli moja ya Iringa mjini. Nilipokuwa napima madirisha, akaja mtu akaniuliza kama ninaweza kumshonea koti jeupe la drili. Alivaa miwani na nywele zake zilikuwa zimelazwa kwa mafuta, zimepasuliwa njia pembeni. Alisema anaitwa Ambrosi, Mngoni wa Songea, na kwamba ataimba pale hotelini kila mwisho wa mwezi. Alisema polepole sana. Nilidhani ni mgonjwa wa kifua.

Koti nilimshonea. Kitambaa cha bitana kiliniishia, nikamtilia gauni langu la zamani, la maua ya bluu, nikijua hakuna atakayeona ndani. Siku ya kumkabidhi akanikaribisha nimsikie akiimba. Nilikwenda na mama, tukakaa nyuma.

Alikaa juu ya kigoda kirefu, mguu juu ya mguu. Nyuma yake alikuwa mpiga kodiani wake, Ezekia, na kijana mmoja wa pale hotelini aliyepapasa ngoma kwa brashi. Hakuimba kitu kipya hata kimoja. Aliimba nyimbo za wakati wa baba zetu, zile walizorudi nazo askari wa vita vya kwanza, na za harusi, na moja ya kubembelezea mtoto. Lakini alizipoza. Wimbo ambao baba yangu aliuchezea mpaka vumbi likapanda, yeye aliuimba kama mtu anayemwomba jirani chumvi. Walimu na makarani waliacha kunywa. Mama alilia, na mama yangu si mtu wa kulialia. Mimi nilimpenda pale pale, sioni haja ya kulificha.

Mwaka 1957 alileta mahari kwetu. Mshenga wake alikuwa huyo huyo Ezekia. Ambrosi alisema wazazi wake walishakufa na hana ndugu. Ndoa ya kanisani hatukufunga. Mchungaji wetu alitaka tutangazwe Jumapili tatu kama ilivyo desturi, lakini Ambrosi alisema yeye ni Mkatoliki, lazima kwanza amalizane na padre wa kwao. Kila mwezi alikuwa bado hajamalizana naye. Mwezi wa pili mwaka jana nilizaa mtoto wa kike, tukamwita Lea.

Mume wangu alikuwa anakaa nami siku chache kila mwezi, kisha anasafiri kwa kazi ya kuimba. Nyumbani alikuwa vile vile kama juu ya kigoda. Hakupaza sauti, hakucheka kwa kufungua mdomo. Miwani yake nilijua ni kioo tu, haikumsaidia kuona, lakini nilimwachia. Jumamosi akiwepo nilimnyoa mwenyewe. Sikuwahi kusikia neno baya kwake. Wanawake wa Kihesa walinitania kwamba nimeolewa na redio, tena imepunguzwa sauti.

Mwezi wa tisa mwaka jana alikwenda Nairobi kurekodi. Alirudi na santuri tatu katika jalada moja, nyimbo sita, zote za zamani. Kwenye jalada kulikuwa na picha yake na koti nililomshonea. Hiyo ndiyo picha pekee ya mume wangu niliyopata kuwa nayo. Alinunua na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na majirani walikuwa wanakuja kusikiliza. Wazee ndio hasa walizipenda.

Mnamo tarehe 14 Machi mwaka huu, saa nne asubuhi, nilipata simu ya maandishi kutoka Mbeya. Ilisema Ambrosi amekufa kwa homa na amekwishazikwa. Aliyetuma ni Ezekia. Nilikuwa napindisha sketi ya mtoto wa shule. Nilimaliza upindo, kwa sababu mwenye sketi alikuwa anasubiri, ndipo nikamwambia mama.

Katika ukoo wetu mtu akifia mbali na asipoletwa, hatumwachi bila kaburi nyumbani. Tunazika kitu chake, kile alichokitumia zaidi, ili watoto wake wapate mahali pa kuweka jiwe. Watu wengine huzika jembe au mkuki. Baba yangu mdogo, mzee Gideoni, ndiye mkubwa wa ukoo. Aliuliza mume wangu alitumia nini zaidi. Nilisema sauti. Alifikiri kidogo, akasema basi tuzike santuri, kwa kuwa pumzi yake imo mle. Nikazitoa zote tatu pamoja na jalada lake. Zilifungwa katika blanketi jeupe, zikazikwa tarehe 17 Machi, nyuma ya nyumba ya mzee Gideoni. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Wale walimu wa hotelini walikuja na tai zao.

Nilinyolewa nywele. Nilivaa kaniki, nikakaa chini kwenye mkeka. Mwezi wa tano msiba ulimalizwa, wakanywa ulanzi wa mwisho wa msimu, nikaoshwa na kuvalishwa nguo ya kawaida. Wazee walisema mbele ya watu wote kwamba Lea ni mtoto wa marehemu na hatatukanwa na mtu. Baada ya hapo nilirudi kwenye cherehani. Watu waliniuliza kama ninalala. Nilikuwa ninalala. Ila chakula kilikuwa hakina ladha, na hata sasa hakina.

Mdogo wangu Anania anafanya kazi kwenye mashine za mbao Mafinga. Mwezi wa sita alipata nafasi kwenye lori la mbao lililokuwa linakuja Mbeya. Mzee Gideoni alimtuma alete udongo kidogo wa kaburi la Ambrosi, auchanganye na wa kaburi letu. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu. Aliniambia, "Dada, hakuna kaburi. Makaburi ya misheni nimezunguka, ya serikali nimezunguka. Hakuna Ambrosi aliyezikwa Mbeya."

Alisema Ezekia naye hayupo, amekwenda kwenye migodi ya Rodeshia. Watu walimwelekeza kwenye ukumbi wa dansi ambako Ezekia alikuwa anapiga zamani. Alikuta kijana anaimba roki, anaruka na gitaa la umeme, shati jekundu limefunguliwa vifungo, na watu wamepanda juu ya viti. Alipomaliza, yule kijana alijitupia koti jeupe mabegani kwa ajili ya baridi. Anania aliona bitana ya maua ya bluu. Gauni hilo alilijua, maana nililivaa siku za usichana wangu. Mtu mwenyewe hakumjua. Ambrosi, shemeji yake, alikuwa amemwona mara mbili tu, siku ya mahari na Krismasi moja, na mara zote alikuwa na miwani na kofia.

Anania alimwuliza koti amelipata wapi. Yule kijana, ndiye huyu Andendekisye, alikuwa amesimama na mkewe anayeitwa Ikupa. Akasema alilinunua mnadani. Anania akaenda polisi. Sajini huyu anayeniandikia ameniambia kwamba mbele ya polisi mtu huyo alibadilisha, akasema Ambrosi mwenyewe alimpa. Nyumbani kwake ilikutwa miwani ya mume wangu na kitana chake. Ndipo akasema neno la tatu, kwamba Ambrosi ni yeye mwenyewe, hajafa mtu. Askari walicheka. Walimwambia aimbe. Aliimba, lakini sauti ilikuwa imekauka kwa baridi ya mahabusu, na nyimbo zile kila mtu anazijua, hata askari mwenyewe angeweza kuziimba.

Waliletwa watu wawili wa hotelini kumtazama. Mmoja alisema ndiye. Mwingine alisema siye kabisa, kwamba Bwana Ambrosi alikuwa mtu wa makamo tena mrefu zaidi. Polisi wa Iringa walitaka picha ya kwenye jalada, maana madukani santuri zile zilikuwa zimekwisha. Mzee Gideoni alikataa kaburi lifukuliwe. Alisema yeye amemzika mtu, na hakuna mtoto wake atakayeshika jembe hilo, na askari wakitaka waanze na yeye. Mzee haoni vizuri siku hizi, naye hakuweza kuletwa kutambua. Nikabaki mimi.

Leo saa tatu asubuhi tulikuwa tunasubiri uani hapa kituoni. Anania aliniambia, "Dada, Kihesa nzima ilikulilia. Ukisema ndiye, tutaonekana watu waliolilia santuri, na Lea atakuwa mtoto wa nani? Ukisema siye, yamekwisha."

Nilimwambia, "Atanyongwa, Anania."

Akasema, "Aliyemuua Ambrosi si anyongwe?"

Nilifikiri kwamba hilo nalo lina ukweli wake.

Saa nne kasorobo niliingizwa ndani. Walikuwa wamesimama wanaume sita ukutani, peku. Mmoja alikuwa na shati jekundu. Alisimama miguu imetanuliwa na kidevu juu, wala mume wangu hakusimama hivyo hata siku moja. Nywele zilikuwa zimesimama. Uso ulikuwa wa kijana. Nilipita mara ya kwanza sikuona kitu, na moyo wangu ulitulia kabisa, kama mtu aliyeambiwa arudi nyumbani.

Nilipita mara ya pili kwa nyuma yao, kwa kuwa Sajini aliniruhusu. Nyuma ya sikio la kushoto la yule wa shati jekundu palikuwa na kovu dogo. Nililitia mimi kwa wembe mwezi wa kwanza, Lea aliponivuta mkono nikiwa namnyoa baba yake. Siku ile alisema tu, "Haidhuru, mama Lea."

Sajini aliniuliza, "Mama, ni yeye ama siye?"

Ilibidi Sajini aulize tena. Nilijua kwamba nikitikisa kichwa tu, mimi ni mjane wa mtu wa heshima na huyu atanyongwa. Nilitaka kutikisa. Nasema wazi kwamba nilitaka. Kisha nikasema, "Ndiye."

Yule mtu aligeuka akapiga magoti. Alilia kwa sauti kubwa, akapiga makofi, akasema, "Ndaga fijo! Ndaga fijo, mama Lea!" Askari mmoja akaniambia hiyo ni Kinyakyusa, anashukuru sana. Mume wangu aliniambia ni Mngoni. Na sauti yenyewe sikuwahi kuisikia. Ilikuwa ya juu, ya kupayuka, ya mtu aliyezoea kusikika mbali.

Sajini alimwuliza mbele yangu kwa nini alituma habari ya kifo. Alisema alianza kuwa Ambrosi kwa sababu watu wa tai wa Iringa wasingekuja kusikiliza roki. Ilikuwa kazi tu. Lakini santuri zilipotoka, kila mahali walitaka Ambrosi. Hapa Mbeya penyewe alikuta watu wanasifu Ambrosi na kusema Andendekisye anapiga kelele. Alisema, "Afande, alikuwa ananimaliza. Nilichoka naye. Nikamwambia Ezekia tumwue."

Alisema hivyo na alikuwa anacheka kidogo, mdomo wazi. Nadhani alifurahi kwamba ameokoka. Simlaumu kwa kufurahi.

Kisha akanigeukia akauliza, "Santuri zipo? Maana mimi sikubakiza hata moja."

Nilimwambia zimezikwa. Akashika kichwa. Nilisubiri aulize na la mtoto. Sajini naye alisubiri, nilimwona. Hakuuliza.

Nilitolewa nje nikapewa maji. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye ngazi na mtoto mgongoni, nikaambiwa huyo ndiye Ikupa. Aliniamkia vizuri. Nami nilimwitikia. Akasogea kidogo ili nami nipate kukaa juani.

Sajini ameniuliza kama ninataka kumshitaki mtu huyu kwa kunidanganya akanioa. Nimejibu kwamba sina shitaka. Mwili ni ule ule, nimeutambua, nimeapa. Lakini aliyenioa alikufa mwezi wa tatu, nikamlilia, nikanyolewa, nikaoshwa. Huyu nimekutana naye leo asubuhi. Hajanifanyia kitu.

Hayo ndiyo niliyonayo. Nimesomewa yote na nimeyasikia, sina la kuongeza wala la kupunguza.

(Sahihi) Yudith Mgaya

Maelezo haya nimeyaandika mimi kwa mkono wangu kama shahidi alivyosema, kwa lugha ya Kiswahili, nikamsomea. Niliandika "mume wangu" kila alipotamka hivyo, nikamwuliza kama nibadilishe niweke jina la mahabusu. Alikataa. Mahabusu Andendekisye Mwakalinga ameondolewa tuhuma ya kuua na kuachiwa saa kumi jioni. Ameomba kuonana na shahidi. Shahidi alikuwa amekwishaondoka.

(Sahihi) Eliezeri Mwambene, Sajini
Mbeya, 4 Agosti 1959