Pete ya Bi Crabtree

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Wageni kumi na mmoja, wamelowa chepechepe. Nimewatembeza Thornroyd nzima, jumba letu la enzi za Malkia Victoria — sebule, kengele za watumishi, chumba cha Bi Crabtree. Hapo ndipo wanapopapenda: "Mei 1887 mjakazi Hannah aliiba pete ya yakuti ya bibi, akafukuzwa siku hiyohiyo!" Wakacheka. Miaka tisa nasema hivyo. Sijamwambia mtu kwamba Hannah ni mama yake bibi yangu. Naona haya. Hata kwetu hakutajwa.

Alhamisi, 7 Machi

Mafundi wamebandua karatasi ya ukutani chumbani kwa Bi Crabtree, ije mpya ya maua yaleyale. Chini yake — penseli! Mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kusaini ukuta kabla ya kuufunika. Wengi waliandika jina na hali ya hewa, basi. Huyu, Amos Fielden, kaandika: "Novemba 1887. Pete ya bibi nimeiokota nyuma ya ubao, chini ya dirisha. Nimempa bwana mkononi. Kaniambia ninyamaze."

Nimekaa sakafuni na magoti yangu haya mabovu, nikalia. Hannah alifua nguo za watu mpaka anakufa. Na bwana, mumewe Bi Crabtree, alijua!

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwambia Geoffrey, mwenyekiti wa kamati ya jumba. Yote, hata undugu. Akanimiminia chai, akanipa biskuti yake ya mwisho. "Pole, Bi Enid. Pole kweli. Ila karatasi inabandikwa Jumatatu. Tutapiga picha, tuiweke kwenye faili."

Faili! Nikamwambia mnamfunika Hannah mara ya pili.

"Mara ya kwanza si mimi!" Maskini, kweli si yeye. Halafu: kesho anakuja Mzee Crabtree, kitukuu wa bwana, aliyetuzawadia samani zote za jumba. Nimtembeze mimi. Taratibu tu, kasema.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika ndani ya stoo ya mashuka. Nimeomba dakika moja.

Mzee ana miaka themanini na sita, fimbo mkononi, mpole — nilitaka kumchukia, nimeshindwa. Kwenye ngazi nikamshika mkono. Kidoleni, pete ya yakuti.

"Ya bibi mkubwa," akasema, anatabasamu. "Haijawahi kutoka nyumbani kwetu."

Hajui! Hajui kitu.

Wako nje ya chumba cha Bi Crabtree, mlango umefungwa. Geoffrey anakohoa. Fimbo inagonga sakafu: "Bi Enid, humu mna hadithi gani?"

Ufunguo ninao mimi.