Jina Chini ya Lipu

Lupe, yamenikuta. Leo mafundi wamebandua lipu iliyopasuka kwenye nyumba ya bibi Hortensia, ile aliyojengewa na babu miaka themanini iliyopita, hapa Santa Barbara.

Chini yake kuna mwandiko wa babu: "Nyumba ya Consuelo."

CONSUELO, Lupe.

Mama akakimbilia ukutani, akaliziba jina kwa mgongo wake. Anatabasamu tu, vumbi jeupe nywele zote.

Bibi kwenye kiti chake: "Sogea, binti yangu. Unadhani nani alilifunika?"



Fundi Eusebio akamuuliza bibi taratibu, "Tulisugue litoke, mama?"

Bibi akamjibu, "Liache. Pigeni lipu juu yake, ila muipige vizuri. Mimi nilipiga kwa hasira, ndiyo maana ikapasuka."