Konrodi ya Thadeus

Jumatatu, 12 Oktoba 1953
Lori la Thadeus limerudi likivutwa kwa mnyororo. Konrodi, ule mkono wa pistoni, imekatika ikatoboa bloku ya injini. Ile ile niliyomfungia mwezi wa nane! Nimetazama pale ilipokatikia: punjepunje kama chumvi ya mawe. Chuma cha kumimina. Bandia tupu — na ni mimi niliyeigonga nikasema halisi, chukua. Bahati ilikatikia Himo, tambarare. Ingekuwa milima ya Rombo...

Thadeus hata hakunilaumu. Bahati mbaya tu, fundi, akasema. Heri angenitukana.

Jumatano, 14 Oktoba
Wenye malori toka hapa Majengo mpaka Tarakea huniletea vipuri vyao. Fundi Mashaka, tugongee. Boksi haliaminiki, muhuri hauaminiki — bandia siku hizi zina muhuri mzuri kuliko halisi! Mimi nakitundika kipuri kwa uzi, nakigonga kwa spana ndogo, nasikiliza. Halisi hulia ngiii, sauti ikakawia. Bandia, ko. Basi.

Leo nimetundika konrodi ya zamani ninayoijua kuwa halisi. Nikagonga. Ko. Nikagonga kwa nguvu. Ko! Mke wangu Mwanaasha akatoka jikoni na unga mikononi: Baba Shani, kengele hiyo ya nini, unanitoboa masikio.

Nimekaa chini. Niandike hapa, maana kumwambia mtu siwezi. Tangu Ramadhani kila kitu kwangu ni ko. Nilidhani ni nta ya masikioni. Nikaanza kubahatisha, namtazama mwenye mali usoni, nasema halisi. Vingapi? Sijui. Viko barabarani.

Ijumaa, 16 Oktoba
Nimechelewa swala. Nikamuuliza jirani yangu Rajabu, muadhini anaumwa? Akashangaa: mbona ameadhini kama kawaida!

Mwanaasha amejua. Mke utamficha nini? Akasema mimi nigonge, yeye asikilize, nimfundishe tu mlio wa halisi ulivyo. Nikamfokea — fundi mzima niazime masikio ya mke! Amelia. Mjinga mimi.

Jumamosi, 17 Oktoba
Thadeus kaja na konrodi mpya. Watu watano wakasimama kutazama, kama kawaida yao. Mwanaasha yumo ndani, amenuna. Ningemwita tu. Sikumwita. Nikaitundika, nikagonga. Ko. Thadeus ananitazama usoni akisubiri neno langu, mimi namtazama yeye nipate jibu! Nikasema halisi. Wakashangilia.



Jumatatu, 19 Oktoba
Nimemaliza kufunga. Bloku nimeitia kiraka. Injini imewaka. Thadeus akainama, akatega sikio: Fundi, hicho kinachogonga humo ndani ni nini? Sikusikia kitu. Nikamwambia ni upya, itazoea. Maneno yalitoka yenyewe. Naye kaamini. Nani asiyemwamini Fundi Mashaka?

Sasa niko barazani na daftari hili. Wanapakia chumvi, mabati, na abiria wa Rombo juu yake. Bernadetha, mke wa Thadeus, ameshakaa mbele na mtoto mapajani. Nikiinuka sasa nitawahi kuwazuia. Mabati bado hayajafungwa kamba. Nikiinuka, ni kusema yote, mbele ya wote, na hakuna tena atakayeniletea hata nati.

Kamba wanaivuta. Thadeus amenipungia mkono.

Nami nimempungia.