Muhuri wa Pembe

Noonkopir, Kitengela
3 Machi 2024

Kwa Papa mpenzi,

Supa! Natumai wewe na mama yangu Yeyo mko wazima, na kifua chako kimeacha kugombana na moshi wa mkaa. Mimi niko mzima kabisa, hata nimenenepa. Hapa mtaani wananiita Chairman.

Papa, duka linanguruma. Wachinjaji wanakuja, wenye hoteli wanakuja, hata Mzungu mmoja alinunua simi mbili, zile panga fupi. Nilimwambia Babu aliwatengenezea majemadari simi kama hizo. Akasadiki! Kitengela nzima hakuna asiyejua kisu chenye muhuri wetu wa alama ya pembe. Babu alifua, wewe unafua, mimi niko na mdomo. Kila mtu na kipaji chake.

Usijichoshe kufua haraka. Visu viko vya kutosha.

Mtoto wako,
Koinet

Kajiado
20 Aprili 2024

Koinet, layioni lai, mwanangu,

Salamu. Sisi tuko, Mungu anatuweka. Kifua ni kilekile.

Jana Mzee Lemein alikuja. Kwa harusi ya binti yake, kisu alichonunua kwako kilivunjika ndani ya mbavu za ng'ombe, wageni wakiona. Aliniwekea vipande viwili mkononi. Nikaona muhuri wetu, kwa aibu sikuangalia zaidi. Nilimwomba msamaha, nikasema mikono yangu imezeeka. Miaka arobaini sijawahi kurudishiwa kisu.

Nimezima moto. Mvukuto nimeutundika ukutani. Usiahidi mtu kisu tena.

Papa yako

Kitengela
14 Julai 2024

Papa,

Supa. Mnaendeleaje, wewe na Yeyo? Mimi niko na afya ya mwili tu.

Hii ni barua ya tano. Nne nilizirarua. Ningepiga simu, lakini kwa simu mdomo wangu unajua kuteleza. Mimi ninayeweza kumuuzia samaki mtu wa Kisumu, kando ya ziwa, leo nimekosa maneno.

Kile kisu hukukifua wewe. Mwaka jana wateja walizidi, na wewe unatoa visu sita kwa wiki, vya springi ya lori, vya kweli. Nikaanza kuchukua vya kiwanda, bati tupu, kwa dazeni. Nikavigonga muhuri wetu, ule ulionipa nigongee ala za ngozi. Hata nilikuwa nawapaka wateja mafuta ya kondoo mkononi kabla washike kisu, vile mlinifunza wewe na Babu, ndio kisilete damu nyumbani. Mafuta ya kweli, kisu cha uongo.

Uliponiandikia umezima moto, ningesema siku hiyohiyo. Nikanyamaza karibu miezi mitatu. Niliona afadhali wewe uonekane mzee kuliko mimi nionekane mwongo. Hiyo inaniuma kushinda kisu chenyewe.

Mikono yako haina kosa, Papa. Duka nimefunga. Jumamosi nakuja.

Mtoto wako, kama bado,
Koinet

Kajiado
18 Julai 2024

Koinet,

Yeyo anakusalimia. Mimi bado.

Siku hizi zote nilikuwa naangalia mikono yangu kama ya mtu mwingine. Chai ikimwagika kidogo, nasema, ndiyo hiyo. Jana niliisoma barua yako mara mbili, halafu nikaenda kunoa shoka la jirani.

Jumamosi usianzie hapa. Anzia kwa Lemein, mchana, watu wakiwa hapo. Mwambie vile umeniambia, lakini ya samaki uache. Muhuri umwachie yeye. Atakurudishia siku ile kisu utakachofua mwenyewe kitapita mbavu za ng'ombe wake.

Ukitoka huko, beba mkaa, magunia mawili. Mvukuto nimeushusha.

Papa yako