Siro Isiyo na Jina

Kamina, Siku ya Ine, mwezi wa saba

Tena mafua. Baridi ya kipwa, hii miezi yenye mvua hainyeshe, imeniingia mu kifua, na leo mu klasi nimekohoa mpaka banafunzi bakacheka.

Mama Wivine, muke wa soda mumoja wa jeshi hapa mu baze, amepita na siro yake ya kikohozi. Anaiuzisha mu chupa ya bia, bila karatasi yenye jina ya dawa. «Kunywa tu, mwalimu. Utalala palepale.»

Ningemuambia nini? Kwamba kila mangaribi ninameza kinini, kidonge ya kutuliza huzuni, tangu mutoto wangu Ilunga alikufa? Kesho baze yote ingesema mwalimu iko fou, amepata wazimu. Nikapokea chupa, nikasema aksanti.

Mwaka jana pia nilinyamaza. Nilikunywa siro ile juu ya kinini. Moyo ukapiga mbio, mwili muzima ukawaka moto, na Ilunga akaikala pembeni ya kitanda na uniforme yake ya masomo. Akaniangalia mpaka asubui.

Munganga wa hospitali alinikaripia sana: «Citoyenne, hizi dawa mbili hazipatane! Ilibakia kidogo moyo isimame. Siro yenye hujue jina yake, uniletee kwanza.»

Basi leo nimemupelekea chupa. Amekatala kabisa. Maji ya moto na asali, na kinini nisiiache.

Siro nimeimwanga nyuma ya nyumba.

Lakini sikumuambia munganga yote. Mama Wivine hakupita tu. Mimi mwenyewe njo nilituma bamuite, juu nilitaka kuona Ilunga tena.