Kogo Hataki Maji ya Kuchemshwa

Jumatatu, 8 Februari 1971

Chemchemi yetu imekauka. Sasa tunachota bwawani, pamoja na ng'ombe. Maji yana rangi ya chai ya maziwa! Bibi yangu, Kogo, anaharisha tena. Nesi wa zahanati alisema tuchemshe maji ya kunywa, la sivyo tutampoteza. Mama amechemsha. Kogo hataki. Ati maji ya moto ni ya kumkanda aliyejifungua — "Mimi nimezaa lini?" Majirani wakacheka. Nilimaliza shule Desemba, habari za vijidudu nimezisoma, lakini sikufungua mdomo. Kama kawaida yangu.

Jumatano, 10 Februari

Nimeyapoza vizuri maji yaliyochemshwa, nikampelekea bila kusema kitu. Ameonja, ametema. "Haya yamekufa. Hayana hata harufu." Macho yake yameingia ndani. Baba anasema asipokunywa, kesho kutwa atapandishwa lori la majani chai hadi hospitali. Kogo anaapa haendi — wenzake waliopanda lori lile hawakurudi.

Ee Mungu.

Ijumaa, 12 Februari

Leo! Nilikuwa nikisafisha sotet, kibuyu chetu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa, kwa kaa la mti wa senetwet. Kogo akauliza kutoka kitandani: nani anagandisha maziwa na ng'ombe wamekauka? Harufu ya moshi ilimfikia! Nikamimina mle maji yaliyochemshwa, nikatikisa. Yakatoka na chembe nyeusi. Kogo akanywa. Akanywa tena.

"Haya ndiyo maji. Umeyatoa wapi, chepto, msichana wewe?"

Kumdanganya sikuweza. Nikanong'ona: ni yale yale ya moto. Nikajua atatema.

Akanisukumia kibuyu. "Ongeza."

Jumapili, 14 Februari

Hospitali hakwenda. Leo ameketi nje, ameomba uji wa wimbi! Baada ya kanisa wanawake wamekuja na vibuyu. Hata Bonareri, jirani yetu Mkisii anayeuza ndizi sokoni Chepilat: "Sisi hatuna mursik, lakini moshi wenu tutaunywa!" Kogo amewaambia kuwa mwalimu wa maji haya ni mimi. Mwalimu! Nimekimbilia chumbani, naandika hapa. Wananiita. Sitoki.

Kwa dirisha naona wamebandika maji motoni; Bonareri anataka kuipua sufuria, ati mvuke umetosha. Hayajachemka! Na Kogo ameshanyoosha kikombe —

Nimepiga kelele dirishani: "Bado! Acheni kwanza!"

Mimi! Wote wamegeuka. Kogo amevuta kigoda karibu na moto, anakipigapiga kwa kiganja, nije nikae.