Tai Begani kwa Bibi

Jumanne, 10 Juni 2025

Nimefungua belo la makoti ya mitumba. Niliomba makoti mazito maana Kinole huko juu mlimani baridi imeshaanza, na nimepata mazito kweli — ya jeshi! Jeshi la nchi gani, sijui. Rangi ya udongo, hayana mabaka, zipu nzima. Ila kila bega lina nembo: tai, simba, radi, na tepe za kila aina. Martina wa meza ya jirani kachungulia, akasema nifunike haraka kabla hajapita mtu wa kunipeleka kituoni. Raia na vitu vya jeshi wapi na wapi. Nimeyafunika kwa mashuka ya watoto na kuendelea kuita wateja kama kawaida.

Alhamisi, 12 Juni

Dawa ni wembe. Tangu asubuhi nafumua nembo. Ikishatoka, koti linabaki koti tu, la yeyote mwenye baridi yake. Nembo zenyewe nazitia kwenye ndoo, nitazichoma nyumbani.

Jioni kapita Yusuph, mchumba wangu. Wanakuja kuposa Jumapili ya tarehe 22! Nimefurahi mpaka nikajikata kidole.

Sasa tatizo. Baba yake ni Meja mstaafu Nassoro. Ndiye yule aliyemsimamisha dereva wa bodaboda hapa Mwembesongo, akamvua kofia ya mabaka na kumsomesha heshima ya gwanda mbele ya watu. Yusuph kaiona ndoo. Kaniambia kwa upole wake ule nizichome leo leo, mzee akisikia mchumba wa mwanawe anachezea nembo za jeshi hata hiyo posa haiji. Nimemwahidi.

Jumapili, 15 Juni

Sijachoma. Mkaa ulikuwa umeisha, kisha nikasahau, kisha nikapakia sukari na sabuni za Bibi kwenye ndoo ile ile na kupanda nayo Kinole. Akili zangu!

Nilikwenda kwa Mjomba Kibwana. Kwetu Waluguru mjomba asiposema ndiyo, hakuna ndoa. Kasema ndiyo, ila wageni wapokelewe hapo kwa Bibi, na kikundi cha ngoma cha Bibi kiwe mlangoni. Hicho kikundi kina vyeo tangu enzi za mama yake Bibi: Jenerali, Kanali, Sajini, mpaka Daktari. Bibi ndiye Jenerali. Karithi.

Basi Bibi katoa sukari, katoa sabuni, chini kabisa kamkuta tai. Akaniuliza nawezaje kutupa kitu kama kile wakati wao miaka yote wana vyeo vya mdomo tu. Nikamwambia ni hatari. Akauliza hatari kwa nani, ngoma yao inapigana na nani? Na Bibi akiniangalia vile siwezi kumkatalia, sijawahi kuweza. Nikashika sindano.

Jirani mmoja kaona, kawaita wenzake wa ngoma. Mpaka alasiri nimeshonea jeshi zima. Wamegawana kwa uzuri: tai kwa Jenerali, simba kwa Kanali, radi kwa Daktari. Tepe hazikutakiwa na mtu, eti mistari mitupu. Sajini kabembelezwa sana mpaka kazikubali.

Jumatano, 18 Juni

Nimemweleza Yusuph. Kacheka mpaka kakaa chini. Halafu kaacha ghafla, kakumbuka baba yake. Anasema mzee hucheka mara moja kwa mwaka, na mwaka huu alishacheka Idi.

Kajitolea kumwandaa mzee mapema. Nimekataa. Posa ikifa kwenye simu, nitamweleza nini Mjomba? Nimempigia Mjomba nikamsihi amwambie Bibi wavue. Kasema yeye hana ubavu wa kumvua Jenerali cheo, nije mwenyewe. Halafu akaniuliza wageni wanapenda ndizi za nazi au za nyama.

Nampenda huyu kijana. Sitaki kumkosa kwa ajili ya kitambaa.

Jumamosi, 21 Juni

Kinole. Nimejaribu kwa kubembeleza, kwa kununa, nikalia kidogo. Bibi kanifuta machozi kwa khanga, akasema akija mwenye cheo kikubwa kuliko chake akamwamuru, atavua. Kisha akarudi kupiga pasi blauzi yake. Tai kang'aa.

Jumapili, 22 Juni

Nimefungiwa chumbani, binti anayeposwa haonekani mpaka posa ijibiwe. Naandika nikichungulia dirishani, maana nisipoandika nitazimia.

Gari limefika. Ngoma inalia. Wanawake mistari miwili, mabega yote yana nembo. Mungu wangu. Yusuph kashuka, anaangalia udongo. Meja kashuka. Suti ya kijivu, mgongo umenyooka. Kasimama.

Ngoma imekoma.

Anatembea katikati ya mistari, polepole, bega baada ya bega. Kwa Sajini kasimama zaidi, kaangalia tepe, kapita. Sasa yuko mbele ya Bibi.

Kampa shikamoo. Bibi kaitikia marahaba. Meja kamuuliza yeye ni nani kwenye kikosi hiki. Bibi kasema Jenerali, na mwenzangu? Meja akasema, "Meja." Bibi kasema basi karibu ndani, Meja, jisikie nyumbani.

Yusuph kafumba macho kabisa.

Meja kamuuliza nani kashona nembo hizi. Mjomba anakohoa, anataka kusema jambo. Bibi kamtangulia: "Mkwe wako. Yumo humo chumbani."

Mkwe! Posa yenyewe haijatolewa.

Meja kageukia dirisha langu. Nimeinama, sijui kaniona. Kasema niitwe nje, ana maswali. Mjomba kajibu, na sauti yake kwa mara ya kwanza leo ni ya mjomba kweli: kwa mila zetu binti hatoki mpaka posa ijibiwe.

Kuku wanapita kati ya mistari.

Meja kavua miwani, kaifuta. Kasema basi tuanze na posa, halafu aje ajieleze.

Viti vinavutwa. Mjomba anasafisha koo. Natafuta kiatu cha pili, nikiitwa niwe tayari.